Uchumi ukidorora, kwa nini bei za hisa huporomoka?

Hisa ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Bei yake haipangwi na serikali. Katika Soko la Hisa la Nairobi (NSE), bei huamuliwa na wanaotaka kuuza na wanaotaka kununua siku hiyo. Ndiyo maana hisia za wawekezaji zina uzito.

Uchumi ukipungua kasi, wateja hununua kidogo na faida za kampuni hutarajiwa kushuka. Mwekezaji hangoji hesabu za mwisho wa mwaka, huuza mapema. Mwengine akiona bei inateremka naye huingiwa na hofu, akauza. Wawekezaji wa kigeni nao wakiondoa pesa zao kwa mpigo, wanunuzi huwa haba, na bei huweza kushuka kuliko hali halisi ya kampuni.

Kenya iliyaona haya mwaka 2008. Faharasa ya NSE 20, inayofuatilia bei za hisa za kampuni 20, ilikuwa imepita alama 6,000 Januari 2007. Kufikia mwisho wa 2008 ilikuwa karibu 3,500. Katikati yake kulikuwa na ghasia za baada ya uchaguzi, ukuaji wa uchumi kuanguka kutoka takriban asilimia 7 hadi chini ya asilimia 2, na mtikisiko wa fedha duniani. Machi 13, 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa korona, biashara ilisimamishwa NSE baada ya faharasa hiyo kushuka kwa zaidi ya asilimia 5.

Walioumia zaidi 2008 ni walionunua kwa mkopo. Hisa za Safaricom ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 5, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo mara kadhaa. Wengi walipata sehemu ndogo ya walizoomba. Miezi michache baadaye bei ilikuwa chini ya shilingi 5, lakini riba ya benki haikushuka nayo. Aliyetumia akiba yake aliweza kungoja, na mwaka 2021 hisa hiyo ilipita shilingi 40 kabla ya kuteremka tena. Mwenye deni alilazimika kuuza kwa hasara.

Hata hivyo, kungoja si dawa ya kila hisa. Walioshikilia za kampuni ya sukari ya Mumias waliiona ikiwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019.

Kwa hivyo, kabla ya kuuza au kununua, jiulize: soko zima limeshuka kwa hofu, au ni kampuni hii pekee inayoshuka? Soma hesabu zake: ina deni kiasi gani, na bado inalipa mgao wa faida? Na pesa za karo, kodi ya nyumba au mkopo zisiingie sokoni. Soko halijui tarehe yako ya kulipa.