Damu Inayopanda Ndege

Jirani yangu hapa Mbotela alinigongea mlango akiwa na bahasha. Damu ya mtoto wake ilipelekwa India kuchunguzwa kromosomu, na baada ya wiki sita majibu yamerudi kwa Kiingereza kigumu. "Nisomee polepole, mwalimu. Na kwani hapa Nairobi hawana hiyo mashine?"

Kipimo chenyewe ni kipande cha kioo kama kile cha hadubini. Juu yake hupangwa maelfu ya vipande vya DNA, kila kimoja mahali pake. Zamani roboti ilividondosha kwa sindano. Siku hizi hujengwa palepale kiooni, herufi baada ya herufi. DNA ya mtoto hutiwa rangi moja, ya mtu mwingine asiye na kasoro rangi nyingine, kisha zote humwagwa hapo. Rangi ya mtoto ikizidi mahali, ana kipande cha ziada. Ikififia, kuna kilichokosekana. Mwaka 2010 wataalamu wa Marekani walipendekeza kiwe kipimo cha kwanza kwa watoto wanaochelewa kukua kiakili.

Lakini safari hii ya kutoka Nairobi ni ya zamani kuliko kioo. Miaka ya 1960 Peter Clifford, daktari wa upasuaji Kenyatta, alikuwa akituma Stockholm, kwa George na Eva Klein, vipande vya uvimbe wa Burkitt, ile saratani inayofura taya za watoto. Mwaka 1967 zikapatikana seli za kijana wa miaka 16 aliyekuwa na uvimbe jichoni. Hazijafa. Zinaitwa Daudi, na maabara za dunia nzima bado zinazinunua. (Sisi tunaoishi ndani ya jina la Tom Mbotela, aliyeuawa 1952, tunajua jina linavyoweza kumzidi mwenyewe umri.) Mwaka 1972 Manolov na Manolova waliona mstari wa ziada kwenye kromosomu ya 14 ya uvimbe huo, 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha umetoka kromosomu ya 8.

Ajabu ni kwamba kioo kinaweza kulipita kosa kama hilo. Kromosomu zikibadilishana vipande bila kupoteza chochote, rangi hubaki sawa. Hapo bado anahitajika mtu na hadubini yake.

Kwa mtoto wa jirani, kipande kilikosekana kwenye kromosomu ya 22. Ndiyo maana ya ule moyo wake. Mama akanyamaza kidogo.

"Kwani ni mimi nilimpa?"

Nikamwambia mara nyingi hutokea upya kwa mtoto, ila uhakika ni kupima wazazi wote wawili.

"Na hiyo damu pia itaenda India?"