Filamu Haihakikiwi kwa Muhtasari

Mwanafunzi wa fasihi akitakiwa kuhakiki filamu, mara nyingi hukimbilia anachokijua: dhamira, wahusika, migogoro. Kazi yake huweza kuwa nadhifu, ila ingeandikwa vilevile na mtu aliyesimuliwa kisa bila kuitazama filamu yenyewe. Makala haya yanadai kwamba filamu ni sanaa yenye lugha yake, na chuo kikuu kisichoifundisha lugha hiyo hakijafundisha filamu.

Ousmane Sembène wa Senegali ni ushahidi mzuri. Riwaya yake Les bouts de bois de Dieu ilitoka mwaka 1960, naye alikuwa mwandishi mwenye jina alipokwenda Moscow kusomea filamu, ili awafikie wananchi wasioweza kusoma Kifaransa. Kama umahiri wa kusimulia ungetosha, asingerudi darasani.

Alichojifunza kinaonekana katika Borom Sarret, filamu fupi ya mwaka 1963 kuhusu mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar. Kisa ni chepesi: maskini huyu anaingia mtaa wa Plateau, ambako mikokoteni imepigwa marufuku, na polisi anamnyang'anya mkokoteni wake. Uzito umo kwingine. Katika mitaa ya makabwela tunasikia ala ya nyuzi ya Kiafrika; Plateau, unapigwa muziki wa kiklasiki wa Ulaya huku maghorofa yakijaza picha. Kabla mtu hajasema lolote, sikio limekwisha kutambua kwamba mwenyeji huyu ni mgeni katika mji wake. Kisha nishani yake inaanguka chini, na polisi anaikanyaga. Uhakiki unaoishia kwenye dhamira ya matabaka utaipata maana, lakini hautaeleza imejengwaje.

Wapo wanaosema soko linahitaji wapiga picha na wahariri, si wahakiki. Ajira ni hoja nzito. Hata hivyo, mhariri asiyejua kwa nini akate picha hapa na si pale ataishia kuiga tamthilia aliyoitazama jana. Wengine wanalalamikia uhaba wa vifaa, ilhali somo la msingi linahitaji projekta na spika tu: onyesho la nishani litazamwe bila sauti, kisha lisikilizwe bila picha, na wanafunzi waeleze kila mara kilichopotea.

Mabadiliko ya ufundishaji yaanzie kwenye mitihani. Amil Shivji alipoigeuza riwaya ya Adam Shafi, Vuta N'kuvute, kuwa filamu mwaka 2021, swali jepesi lilikuwa ni nini kilichoachwa. Swali hilo linaifanya filamu kuwa nakala pungufu ya kitabu. Mwanafunzi aulizwe mwanga, sauti na mpangilio wa picha vimefanya kazi gani ambayo maneno ya Shafi hayakuhitajika kuifanya. Atakayelijibu atakuwa ameitazama filamu.