Kazi za maprofesa zilizoanzia kwetu

Mzazi wa Kindu anayeuza muchele ili mutoto asome chuo kikuu ana haki ya kuuliza: profesa anatumika nini inje ya darasa? Hii hapa mifano mitatu kutoka idara tofauti. Zote zilianzia kwa swali la hapa Kongo.

Mikrobiolojia. Profesa Jean-Jacques Muyembe wa Chuo Kikuu cha Kinshasa alifika Yambuku 1976, wakati Ebola ilikuwa haijapewa jina. Mwaka 1995 kule Kikwit, yeye na wenzake waliwapa wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, 7 wakapona. Wataalamu wengi wa inje walitilia shaka. Lakini damu ya mutu mumoja aliyepona Kikwit ndiyo ilizaa dawa mAb114. Kuanzia Novemba 2018 ilijaribiwa Beni, kisha Butembo na kandokando yake. Kati ya waliopewa dawa hiyo, karibu 35 kwa 100 walikufa. Kwa waliopewa ZMapp, dawa ya kulinganisha, ni karibu 50 kwa 100. Desemba 2020 Marekani iliikubali, kwa jina Ebanga.

Uganga wa wanawake. Munganga Denis Mukwege alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, 1999. Wanawake waliofika pale na majeraha ya ubakaji ndio walimupa swali la utafiti. Mwaka 2015, akiwa na miaka 60, alitetea kazi yake ya doktora juu ya fistula kule Bruxelles, Ubelgiji. Mwaka 2018 alipata Nobeli ya Amani pamoja na Nadia Murad. Ni profesa pia wa Université Évangélique en Afrique, na wanafunzi wa uganga wa chuo hicho wanajifunzia kazi Panzi.

Elimu ya viumbe na ya asili ya mwanadamu. Mwaka 2007, watafiti walikuta nyani mudogo kwa mukurugenzi wa shule ya musingi kule Opala. Wenyeji walikuwa wanamuita lesula tangu zamani, wanasayansi hawakumujua. Kate Detwiler, mwalimu wa Florida Atlantic University, pamoja na John Hart na wenzao, wakiwemo Wakongomani, walilinganisha mafuvu, vinasaba na sauti. Mwaka 2012 walimutangaza kama aina mupya: Cercopithecus lomamiensis. Mwaka 2016 Hifadhi ya Taifa ya Lomami ikaundwa, katika Tshopo na Maniema yetu.

Damu ya mugonjwa wa Kikwit, jeraha la mama wa Bukavu, nyani wa Opala: maswali hayo hayakutoka Ulaya. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kindu anayetafuta kichwa cha kazi yake ya mwisho asikimbilie kunakili ya wengine. Kwanza aende kuuliza ku hospitali, ku soko na ku pori. Na sisi wenyeji tumujibu vizuri, maana sehemu ya kazi hiyo ni yetu.