Fighter's History

Fighter's History ni mchezo wa video wa mapigano uliotolewa mwaka 1993 na kampuni ya Data East ya Japani, kwa mashine za kutumbukiza sarafu. Hukumbukwa zaidi kwa sura za wapiganaji wake kuliko kwa mapigano yenyewe. Capcom, watengenezaji wa Street Fighter II, waliona sura hizo zimechotwa kwao, wakaenda mahakamani nchini Marekani. Uamuzi uliotolewa mwaka 1994 ni miongoni mwa maamuzi yanayotajwa sana pale panapozuka ugomvi kuhusu wahusika wanaofanana mno.

Usuli

Street Fighter II ilitoka mwaka 1991 ikiwa na wapiganaji wanane wa kuchagua, fimbo moja na vitufe sita: vitatu vya ngumi, vitatu vya mateke. Toleo la Super Nintendo la mwaka uliofuata liliuza nakala milioni 6.3. Baada ya hapo soko lilifurika michezo ya watu wawili kusimama ana kwa ana, kila mmoja na mstari wa uhai juu ya kioo. Data East haikuwa ngeni katika fani hiyo, kwani mwaka 1984 ilikuwa imetoa Karate Champ, mmoja wa michezo iliyofungua njia.

Mchezo

Mchezaji huchagua mmoja kati ya wapiganaji tisa, na mwishoni hukutana na wakubwa wawili, Clown na Karnov. Vitufe ni sita, kwa mgawanyo uleule wa Capcom. Jambo ambalo Data East walilibuni wenyewe ni udhaifu: kila mpiganaji ana kipande cha vazi au pambo, kama utepe wa kichwani, ambacho kikipigwa mara kadhaa hudondoka na mwenyewe akabaki anapepesuka.

Wahusika

Waliozusha maneno ni wachache. Feilin ni msichana wa Kichina mwepesi wa miguu, na aliyewahi kumchezesha Chun-Li wa Street Fighter II hakuhitaji kuambiwa alikotoka. Matlok ni Mwingereza mwenye nywele za dhahabu zilizosimama wima, anayerusha wimbi la nguvu kutoka mikononi. Guile wa Capcom ni askari wa Marekani, lakini naye nywele zake ni za dhahabu, zimesimama wima, na naye hurusha wimbi. Ray, kijana wa Kimarekani, alilinganishwa na Ken wa Capcom. Marstorius, pande la mtu la mieleka, liliwakumbusha wengi Zangief wa Capcom.

Mizoguchi, mwanafunzi mkorofi wa Kijapani, ndiye aliyependwa zaidi. Karnov alitoka katika mchezo wa Data East wa mwaka 1987 unaoitwa kwa jina lake.

Kesi ya Capcom

Capcom U.S.A. waliiomba mahakama ya shirikisho ya Kaskazini mwa California itoe zuio la muda ili mchezo uondolewe sokoni. Walilalamikia sura, mapigo maalumu na hata mpangilio wa vitufe. Jaji William Orrick hakuwa na shaka kwamba Data East walikusudia kutengeneza kitu kinachofanana na Street Fighter II. Hata hivyo, Machi 1994 alilikataa ombi hilo.

Hoja yake ilikuwa kwamba hakimiliki hulinda namna wazo lilivyochorwa, wala hailindi wazo lenyewe. Ngumi, teke na mtupo wa judo ni mali ya watu wote. Mwanamieleka mwenye misuli na bondia wa Thailand ni watu waliokuwapo duniani kabla ya Capcom. Hayo yote yalipochujwa, jaji alibakiwa na wahusika watatu na mapigo maalumu matano tu yaliyofanana na yale ambayo Capcom wangeweza kuyadai kuwa yao. Akaona kiasi hicho hakitoshi kuufanya mchezo mzima kuwa nakala.

Data East waliijua vizuri hoja hiyo, maana ilikwisha kuwaumiza. Walikuwa wameishtaki Epyx, iliyouza Marekani mchezo wa World Karate Championship, wakidai umeiga Karate Champ yao. Walishinda mahakama ya chini. Mwaka 1988 Mahakama ya Rufaa ikaupindua ushindi huo: mavazi meupe na mekundu, mwamuzi na pointi vimetoka katika karate yenyewe. Ikaongeza kwamba kijana makini wa miaka 17 na nusu, umri wa mnunuzi wa kawaida, asingeiona michezo hiyo miwili kuwa inafanana vya kutosha. Kisu kilichowakata mwaka 1988 ndicho walichokishika mpini mwaka 1994.

Ufanano mwingine

Capcom nao hawakuwa na mikono safi. Bondia wa Street Fighter II huitwa M. Bison nchini Japani, na kwa jina na kwa sura haikuwa kazi kumwona Mike Tyson. Mchezo ulipovuka bahari, majina ya wahusika watatu yalizungushwa kwa kuogopa mashtaka. Bondia akawa Balrog, Mhispania mwenye makucha akawa Vega, na dikteta akapewa M. Bison.

Kampuni ya SNK ilipotoa Art of Fighting mwaka 1992, Ryo Sakazaki alikuwa na vazi la karate na nywele za dhahabu kama Ken. Capcom walijibu kwa dhihaka. Katika Street Fighter Alpha ya mwaka 1995 alitokea Dan Hibiki, mwenye vazi la waridi na sura iliyounganishwa kutoka kwa Ryo na mwenzake Robert Garcia, anayejigamba sana na kurusha kimwali kinachozimika kabla ya kufika mbali.



Hali ya sasa

Toleo la pili, Karnov's Revenge, lilitoka mwaka 1994 kwa mashine za Neo Geo. Data East ilifilisika mwaka 2003. Ugomvi kuhusu wahusika wanaofanana haukuisha nayo: mwezi Septemba 2024 Nintendo na The Pokémon Company waliishtaki Pocketpair jijini Tokyo kwa ajili ya Palworld, mchezo ambao viumbe wake walisemwa sana kwa kufanana na Pokémon. Shauri hilo lilifunguliwa kwa hataza za namna ya kucheza. Michoro haikuguswa.