Mzazi aliyebaki kwenye benchi: historia fupi ya upweke wa mama aliyejifungua

SEHEMU YA 1

  Niliahidi kwamba wiki hii tutaongelea chanjo ya miezi tisa. Itabidi isubiri kidogo, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumanne.

Jumanne kliniki ya watoto ilijaa kama kawaida. Kati ya waliokuja alikuwepo mama mmoja, uzazi wa kwanza, mtoto ana miezi mitatu. Nikamning'iniza mtoto kwenye mizani, nikaweka alama kwenye kadi, mstari unapanda vizuri ndani ya kijani. Nikamwambia, "Mama Junior, hongera, mtoto anaendelea vizuri," nikaita anayefuata. Dakika mbili, labda hata hazikufika.

Saa nane mchana tunafunga, natoka nje, namkuta bado kakaa kwenye benchi, mtoto amelala kifuani. Nikadhani anasubiri dawa. Nikamuuliza, "Dada, unasubiri nini?" Akasema, "Sisubiri kitu, nesi. Nyumbani hakuna mtu. Hapa angalau kuna watu."

Nikakaa naye. Mume ni utingo wa malori ya safari ndefu, akiondoka anakaa wiki mbili hadi tatu. Mama yake mzazi yuko kijijini, mikoa minne kutoka hapa. Chumba walihamia mwezi mmoja kabla ya kujifungua, majirani bado hawajazoeana naye. Halafu akasema neno ambalo sijaweza kulitoa kichwani: tangu ajifungue hakuna mtu aliyemwita kwa jina lake. Simu zote zinazoingia ni "mtoto hajambo?" Na mimi nesi, miaka 14 kazini, nimempima mtoto gramu kwa gramu, ila yeye sikumuuliza hata swali moja.

Wengi mtaniambia ndio maisha ya mjini ya siku hizi. Hata mimi nilidhani hivyo. Nikarudi kwenye vitabu vyangu na vya wenzangu, nikakuta historia ndefu kuliko nilivyotarajia, na sehemu yake moja imepita hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Basi chukua chai yako, tuanze.

SEHEMU YA 2: AROBAINI

Tuanzie nyumbani. Angalia neno lenyewe tunalolitumia: mwanamke aliyejifungua tunamwita mzazi, na mzazi alikuwa na utaratibu wake. Pwani ni arobaini. Siku 40 mzazi hapiki, hafui, hatoki. Anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji wa pilipili manga, anafungwa tumbo, na chumbani kuna mtu mzima wakati wote: mama yake, au shangazi, au bibi. Uchagani mzazi analishwa mtori na supu, na wengine hupumzishwa hadi miezi mitatu. Karibu kila kabila lina kitu cha namna hii, majina tu ndiyo yanatofautiana. (Sisi wa hospitali tunamtaka mama arudi kuangaliwa siku ya 42. Bibi zetu walisema 40. Hawakuwa mbali!)

Sasa jambo la jina. Mwanamke akishazaa anaitwa Mama Asha, Mama Juma. Ni heshima, na wengi tunaipenda. Lakini fikiria ni nani walikuwa wanamwita hivyo. Ni watu waliomjua tangu anacheza rede. Walijua yeye ni binti wa nani, alikuwa anaimba vipi shuleni, alimkataa nani kabla hajaolewa. Jina la Mama Asha lilikuja juu ya hayo yote kama khanga ya pili juu ya ile ya kwanza. Ukihamia mtaa ambao hakuna aliyekujua kabla, wanakufahamu kwa jina la mtoto tu. Hiyo khanga ya kwanza hawajawahi kuiona.

Usinielewe vibaya, siwarudishi zamani. Nimepokea wazazi waliobabuliwa na maji ya kukandia. Nimepokea walionyimwa matunda na mboga eti mtoto ataharisha. Na kuna nyumba ambazo wifi anakuja kusaidia, kumbe anakuja kukagua. Ukiwa na watu wengi nyumbani, haina maana una mtu wa kuongea naye, na hilo tutalikuta tena mbele. Ninachosema ni kwamba zamani mzazi kukaa peke yake kutwa nzima halikuwa jambo la kawaida, na watu walilizuia kwa makusudi.

SEHEMU YA 3: LONDON NAO YALIWAKUTA

Watu hudhani Wazungu wamezoea kuishi kila mtu kivyake. Sio wote, na sio siku zote.

Mashariki ya London kuna eneo linaitwa Bethnal Green. Miaka ya 1950 lilikuwa eneo la wafanyakazi wa kawaida, nyumba kuukuu zimebanana. Watafiti wawili, Michael Young na Peter Willmott, walienda kuongea na familia za pale, kitabu chao kikatoka mwaka 1957. Walikuta binti akiolewa anatafuta chumba karibu na mama yake. Zaidi ya nusu ya wanawake walioolewa walikuwa wameonana na mama zao ndani ya saa 24 zilizopita. Mama ndiye anashika mtoto, mama ndiye anajua dawa ya mchango, kwa mama ndiko unapokwenda kulalamika. Yaani ungeweza kudhani unasoma habari za Magomeni.

Baada ya vita kuu serikali ikajenga mitaa mipya nje ya mji, huko Essex. Nyumba nzuri, bafu ndani, bustani nyuma. Familia nyingi zikahamishiwa huko, na nani angekataa? Wanaume walikuwa na kazi, wanapanda treni asubuhi na kukutana na wenzao. Wanawake walibaki kwenye nyumba nzuri na watoto wadogo, mama yuko mbali na nauli ni ghali. Watafiti walipowafuata huko walikuta upweke ambao hakuna aliyeuhesabu kwenye gharama za ujenzi.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Nikawafikiria wale ninaowaona mimi: kijana na mkewe wanatoka kwenye nyumba ya ukoo Kariakoo au Temeke, wanapata kiwanja Chanika, wanajenga, wanahamia. Tunawapa hongera, kama inavyostahili. Mume anaondoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi daladala. Mke je?

Miaka 21 baada ya kitabu hicho, mwaka 1978, wengine wawili, George Brown na Tirril Harris, walitoa chao. Walikuwa wamehoji wanawake 458 wa Camberwell, kusini mwa London. Walitaka kujua kwa nini msiba au shida ileile inamwangusha mwanamke mmoja kwenye sonona na mwingine inampita. Kati ya mambo waliyoyakuta: kuwa na watoto watatu au zaidi wadogo nyumbani, kutokuwa na kazi nje ya nyumba, kufiwa na mama ukiwa mtoto mdogo, na kukosa mtu wa karibu wa kumwambia ya moyoni. Hilo la mwisho lisome tena. Hawakuhesabu idadi ya ndugu. Waliuliza kama kuna hata mmoja unayeweza kumfungulia moyo.

SEHEMU YA 4: KAMPALA HADI EDINBURGH

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi, na nawashangaa wakufunzi wangu kwa kutonifundisha chuoni.

Miaka ya mwanzo ya 1970 daktari mmoja Mwingereza wa magonjwa ya akili, John Cox, alikuwa anafanya kazi Uganda. Akaamua kuwafuata kina mama wajawazito kwenye kituo cha afya cha Kasangati, nje kidogo ya Kampala, na kuwahoji tena baada ya kujifungua. Wakati ule wataalamu wengi waliamini kwamba mwanamke wa Kiafrika hapati sonona ya uzazi, kwa sababu ana ukoo unamzunguka. Imani tamu, tena inatupamba.

Haikuwa kweli. Karibu mmoja kati ya 10 alikuwa na sonona, na alipokuja kulinganisha na wanawake wa Scotland, idadi zilikaribiana. Tofauti aliyoiona ni kwamba wale wa Uganda hawakujilaumu sana kama wenzao wa Scotland. Ila walikuwa na mzigo wao. Waganda wana ugonjwa wanaouita amakiro, wa mzazi kuchanganyikiwa, hata inasemwa anataka kumla mtoto wake, na chanzo chake watu walisema ni uzinzi wakati wa ujauzito. Sasa wewe mzazi, kichwa kimeanza kukuelemea, nyumba imejaa mashangazi, utamwambia nani? Ukisema tu, umeshajihukumu. Kwa hiyo unaweza kuwa katikati ya ukoo mzima na bado uko peke yako kabisa.

Cox alipofika Scotland alikuwa na tatizo la kikazi. Maswali yaliyokuwepo ya kupima sonona yaliuliza unalala vizuri? Umechoka? Hamu ya chakula ikoje? Jamani, mzazi gani halali vizuri kwa sababu ya sonona tu? Wote hatulali! Akiwa na wenzake Jeni Holden na Ruth Sagovsky wakatengeneza maswali 10 mapya ya siku saba zilizopita, yasiyohesabu uchovu wa kawaida wa kunyonyesha. Yanauliza kama bado unaweza kucheka, kama unajilaumu pasipo sababu, kama unaogopa bila kujua unachoogopa, na la mwisho linauliza waziwazi kama umewahi kuwaza kujidhuru. Yalichapishwa mwaka 1987. Leo yanatumika dunia nzima, yametafsiriwa hata kwa Kiswahili.

Miaka miwili baadaye walitoa jingine, dogo lakini mimi naliona kubwa. Walichukua akina mama waliokutwa na sonona, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja likaendelea na huduma ya kawaida. Kundi la pili muuguzi aliwatembelea nyumbani mara moja kwa wiki, wiki nane, nusu saa au zaidi. Aende kufanya nini? Kusikiliza. Alikuwa amefundishwa kwa muda mfupi asitoe ushauri, asihubiri, amwachie mama aseme. Mwishoni wanawake 18 kati ya 26 walikuwa wamepona. Kundi la huduma ya kawaida walipona 9 kati ya 24.

Nusu saa mara nane ni saa nne. Nilipiga hesabu hiyo kwenye daladala nikirudi nyumbani.

SEHEMU YA 5: BIBI WA HARARE

Najua mnachotaka kusema, manesi wenzangu hasa. Saa nne kwa kila mama nitazitoa wapi, foleni imefika getini?

Swali hilo hilo lilimkuta daktari Dixon Chibanda wa Zimbabwe. Alikuwa amempoteza mgonjwa wake aliyejiua. Familia ilikosa nauli ya kumfikisha hospitali. Mwaka 2006, pale Mbare, Harare, kliniki haikuwa na chumba cha kumpa, na manesi walikuwa wamezidiwa. Alichopata ni bibi 14 wa mtaani waliokuwa wakijitolea mambo ya afya. Na benchi, nje, chini ya mti. Basi wakaanza hivyo. Bibi anafundishwa, anakaa kwenye benchi, mwenye shida anakaa pembeni yake, wanaongea.

Bibi hao hawakuanza na neno sonona. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema "ana mawazo". Mtu akikuambia ana mawazo amekwisha kufungua mlango, kazi yako ni kuingia.

Utafiti wa benchi hilo ulitoka mwaka 2016: watu 573, kliniki 24 za Harare. Sio wazazi pekee, ni watu wazima wa kila aina. Baada ya miezi sita, waliokaa na bibi, karibu 14 tu kati ya 100 walibaki na dalili za sonona. Waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo, karibu 50 kati ya 100.

Kabla sijaendelea, hili nalisema kama nesi. Ukiwaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, ukisikia sauti, ukikaa siku kadhaa bila usingizi hata mtoto akilala, usisubiri benchi wala posti yangu. Mwambie mtu aliye karibu muda huo huo, mwende kituo cha afya, hata usiku wa manane. Hiyo ni dharura sawa na kutokwa damu. Na hapana, hakuna uhusiano na uzinzi wala kulogwa.

Yule mama amerudi leo asubuhi. Nilikuwa nimempa namba yangu ila hakupiga. Mtoto kaongezeka gramu 600. Safari hii sikumning'iniza kwanza. Nilimuuliza yeye amelala vipi, amekula na nani, amecheka lini mara ya mwisho. Foleni nyuma yake ilinung'unika, kuna mmoja alisema kwa sauti kwamba nesi leo ana hadithi. Swali la kula alinijibu: amekula na binti wa chumba cha jirani, juzi, dagaa. Swali la kucheka alinyamaza. Tumekubaliana Alhamisi saa tisa, nikitoka zamu, nipite kwake. Nimeandika jina lake kwenye daftari langu, lile alilopewa na baba yake.