Jinsi Namba ya Gari Ilivyofika Mnadani

Novemba 2014, John Collins, mfanyabiashara wa Ferrari za zamani nchini Uingereza, aliingia kwenye mnada wa namba za magari akatoka na 25 O. Nyundo iligongwa kwenye pauni 400,000. Juu yake ikaja ada ya mnada ya asilimia 8, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, na pauni 80 za kuihamishia namba kwenye gari. Jumla yake: pauni 518,480. Collins alikuwa na gari lake akilini, Ferrari 250 iliyowahi kumilikiwa na mwanamuziki Eric Clapton, maana ukiitupia jicho 25 O barabarani unasoma 250.

Muuzaji alikuwa serikali yenyewe. Hapo palifikiwa baada ya zaidi ya karne moja, na kwa sehemu kubwa ya muda huo serikali ilitoa kwa ada ya kawaida ya usajili kitu ambacho wajanja walikiuza upya na kuvuna faida yote.

Kibao cha namba hakikuzaliwa kuwa pambo. Agosti 1893 polisi wa Paris waliagiza kila gari libebe kibao chenye jina na anwani ya mwenyewe. Uingereza ilifuata kwa sheria ya magari ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika Januari 1, 1904. Sheria hiyo iliwaruhusu madereva kwenda maili 20 kwa saa, yaani kama kilomita 32, badala ya maili 14 za awali. Lakini kila gari lilitakiwa kusajiliwa na kuvaa namba, ili dereva akigonga na kutokomea ajulikane ni nani. Ada ya usajili ilikuwa shilingi 20 kwa gari na shilingi 5 kwa pikipiki.

Herufi ziligawiwa halmashauri kwa kufuata idadi ya watu katika sensa ya 1901. London ikapata A, Lancashire B, Kent D, Essex F. Uskochi iliwekewa herufi zake, na Edinburgh ikaangukiwa na S. Tangu siku za mwanzo kabisa walikuwepo watu walioona kwamba namba ndogo ina heshima yake. A 1 ya London ilichukuliwa na Earl Russell, kaka wa mwanafalsafa Bertrand Russell, na inasimuliwa kwamba aliipigania usiku kucha ili asitanguliwe.

Kilichoipandisha bei namba, hata hivyo, kilikuja miaka 60 baadaye. Mwaka 1963 Uingereza ilianza kuweka herufi ya mwaka mwishoni mwa namba, na kuanzia 1967 herufi hiyo ilibadilishwa kila Agosti 1. Ghafla jirani aliweza kujua umri wa gari lako akiwa dirishani kwake. Maduka ya magari yakawa yanajaa kila Agosti, kwani kila mwenye uwezo alitaka herufi mpya. Msomaji wa Dar es Salaam hahitaji kuelezwa jambo hili. Hapa mjini tangazo la gari bila kutaja kama ni namba C, D au E halijakamilika, na mnunuzi huanza kupiga hesabu ya bei kabla hajafungua boneti.

Asiyetaka umri wa gari lake usomwe alikuwa na njia moja, nayo ni kutafuta namba ya zamani isiyo na herufi ya mwaka. Biashara ikanoga. Mtu alinunua pikipiki mbovu, iliyooza kwenye banda la mkulima, kwa sababu tu ilivaa herufi mbili na tarakimu moja. Namba ilihamishiwa kwenye gari la kifahari, na pikipiki ikatupwa. Madalali walichapisha orodha za namba magazetini wakitafuta mtu ambaye jina lake linaanza na herufi hizo.

Wakati huo rekodi zilikuwa zikihamishwa kutoka kwenye vitabu vya halmashauri kwenda kituo kimoja cha kompyuta huko Swansea, Wales. Kazi hiyo ilianza 1974, na mwishoni mwa Novemba 1983 mlango ukafungwa. Namba yoyote ya zamani ambayo mwenyewe hakuiandikisha Swansea ilifutwa. Wenye magari ya kale waliokuwa wameyahifadhi bila kuyaendesha walipoteza namba zilizokaa katika familia zao miaka mingi, na malalamiko yao yalikuwa ya haki.

Mwaka huohuo wa 1983 Swansea ilifanya jambo lililoonyesha kwamba somo limeeleweka. Mfumo mpya wa herufi ulipoanza, namba 1 hadi 20 hazikutolewa kwa umma, zikawekwa kando. Desemba 1989 serikali ikafungua mnada wake wa kwanza katika jumba la Christie's, London, na 1 A ikauzwa pauni 160,000. Tangu hapo uuzaji wa namba umeiingizia hazina ya Uingereza zaidi ya pauni bilioni 2. Anayenunua hapati umiliki wa namba. Anapata haki ya kuionyesha tu, na haki hiyo ina masharti: haruhusiwi kulifanya gari lionekane jipya kuliko lilivyo, na akichezea nafasi kati ya herufi ili jina lisomeke vizuri anaweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000 au kunyang'anywa namba.

Halmashauri nazo zikakumbuka akiba zilizokuwa nazo. Essex ilikuwa na F 1 tangu 1904. Mwaka 2008 iliiuza kwa pauni 440,625 kwa Afzal Kahn, mfanyabiashara wa kupamba magari, ambaye baadaye aliitangaza kwa zaidi ya pauni milioni 10. Iwe ataipata bei hiyo au la, ongezeko lote ni lake, na halmashauri haina dai tena.

Hong Kong, ikiwa bado koloni la Uingereza, iliwatangulia watawala wake. Ilianza kunadi namba mwaka 1973, miaka 16 kabla ya London, na fedha za namba hizo hupelekwa kwenye mfuko wa huduma za jamii. Huko namba husikilizwa zaidi ya kuangaliwa: 28 kwa matamshi ya Kikantoni inakaribia kusema utafanikiwa kwa urahisi, na mwaka 2016 iliuzwa dola za Hong Kong milioni 18.1. Mwaka 2006 ukaongezwa utaratibu wa mtu kujitungia herufi zake. Anayebuni huweka amana ya dola 5,000 za huko, kisha namba yake inapelekwa mnadani, ambako mtu mwingine yeyote anaweza kumpiku. Utaratibu huo unaonekana mkali, lakini ni wa haki, kwa kuwa haumpi mtu upendeleo kwa kuwahi foleni wala kwa kujuana. Herufi moja, W, ilifika dola za huko milioni 26 mwaka 2021.

Kisha ikaja Ghuba. Februari 2008, katika hoteli ya Emirates Palace, Abu Dhabi, Saeed Khouri alinunua kibao chenye tarakimu moja, 1, kwa dirhamu milioni 52.2, zaidi ya dola za Marekani milioni 14. Fedha zilielekezwa kwenye huduma za majeruhi wa ajali za barabarani. Rekodi hiyo ilidumu miaka 15. Aprili 2023 P 7 ya Dubai iliuzwa dirhamu milioni 55, safari hii kwa ajili ya kampeni ya kulisha wenye njaa.

Nchini Tanzania hakuna nyundo. Anayetaka jina lake kwenye kibao huenda Mamlaka ya Mapato, TRA, akalipa ada iliyopangwa, ambayo bajeti ya 2016/17 iliipandisha kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka mitatu. Kwa ada hiyo ya 2016/17, kukaa na jina miaka 12 kungegharimu milioni 40. Bei moja kwa majina ya watu ni sawa, kwa sababu jina la mtu aghalabu halina washindani wengi. Namba za mfuatano ni suala jingine. Wapo watu wengi ambao wangetoa mamilioni kupata T 111 au T 777. Namba hizo zingefaa kutengwa na kunadiwa hadharani, na fedha zake zitangazwe mapema zinakwenda wapi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, inayopokea majeruhi wa bodaboda kila siku, ingestahili kuwa ya kwanza kwenye orodha.