Dereva hutazamwa, injini huamua: historia fupi ya tetesi za langalanga



Huku Uingereza mbio za langalanga, yaani Formula One, zikishafungwa mwisho wa mwaka, unaanza msimu mwingine wa maneno. Nani anahama, nani anaachwa, timu gani inauzwa, nani anapewa injini ya nani. Ni yale yale ya usajili wa Simba na Yanga: kila mtu ana habari za uhakika alizoambiwa na jamaa yake wa ndani, na kila mtu ameshapanga kikosi. Mimi naishi Northamptonshire, mkoa wenye kiwanja cha Silverstone, mji mdogo wa Brackley wenye makao ya timu ya Mercedes, na kijiji cha Brixworth zinakotengenezwa injini za timu hiyo. Kwa hiyo maneno haya nayasikia kazini, kwenye basi, hata kwa kinyozi.

Nimeyapima na historia nikaona jambo moja. Mashabiki tunabishana juu ya dereva, lakini mara nyingi msimu umeshaamuliwa na mkataba wa injini uliosainiwa mapema, wakati sisi hatujaanza hata kubisha.

Watu wa Afrika Mashariki tusione ajabu. Kwenye Safari Rally, Shekhar Mehta alishinda mara tano, mwaka 1973 na kisha 1979 hadi 1982, kila mara kwenye gari la Nissan, ambalo enzi hizo tulilijua zaidi kwa jina la Datsun. Wazee wetu waliposimulia habari za Safari, jina la gari lilitangulia, la dereva likafuata. Kumbe walikuwa wanajua wanachosema.

Tuanze na mwaka 1987. Timu ya Williams ilikuwa na injini za Honda, na mwaka huo ilichukua ubingwa wa timu kwa mara ya pili mfululizo. Dereva wake Nelson Piquet akawa bingwa wa dunia, na mwenzake Nigel Mansell alishinda mbio sita. Ungedhani Honda haina sababu ya kuondoka hapo. Lakini Septemba 1987, kule Monza, ilitangazwa kwamba Honda inahamia McLaren, ambako Ayrton Senna angeungana na Alain Prost.

Matokeo ya 1988 mnayajua. McLaren ilishinda mbio 15 kati ya 16, Senna nane na Prost saba. Williams ikabaki na injini za Judd, zisizo na turbo, na haikushinda hata mbio moja. Mansell yule yule wa ushindi mara sita alifika mwisho wa mbio mara mbili tu mwaka mzima, mara zote mbili akiwa wa pili. Hakuwa amesahau kuendesha. Alikuwa amenyang'anywa kitu kilichokaa nyuma ya mgongo wake.

Ila msinielewe vibaya, injini peke yake haitoshi. Piquet alihamia Lotus, ambayo nayo ilikuwa na Honda ile ile, na hakushinda mbio yoyote mwaka 1988. Gari la langalanga hujengwa kwa kuizunguka injini: mahali pa rejeta, tangi la mafuta, giaboksi, mpaka umbo la mkia wa gari, vyote hufuata injini ilivyo. Anayeijua injini yake mapema ana miezi mingi ya kazi mbele ya mwenzake. Anayeipata dakika za mwisho analazimika kukatakata.

Na hapo ndipo tunapofika Brackley. Tarehe 5 Desemba 2008, wakati msukosuko wa fedha umeikumba dunia nzima, Honda ilitangaza kwamba inajitoa kwenye langalanga na timu yake inauzwa. Magazeti yakajaa tetesi. Tajiri gani atanunua? Bruno Senna, mpwa wa Ayrton, atapewa kiti cha Rubens Barrichello? Jenson Button atakwenda wapi? Kwa watu wapatao 700 waliokuwa wakifanya kazi pale, swali lilikuwa jingine kabisa: mwezi wa pili kutakuwa na mshahara?

Tajiri hakutokea. Machi 2009 timu ilichukuliwa na bosi wake mwenyewe, Ross Brawn, na wenzake, kwa bei ya pauni moja. Injini wakapata za Mercedes kutoka Brixworth, mkoa huu huu. Miaka yote walikuwa wakitegemea injini ya Mjapani, kumbe ya kuwaokoa ilikuwa inatengenezwa kwa jirani. Gari lilikuwa limechorwa kwa ajili ya injini ya Honda, hivyo mafundi walilazimika kukata sehemu ya nyuma ya bodi ili Mercedes iingie. Tarehe 29 Machi 2009, kule Melbourne, Button akawa wa kwanza na Barrichello wa pili. Button alishinda mbio sita kati ya saba za mwanzo, na mwisho wa mwaka akawa bingwa wa dunia.

Hadithi hii husimuliwa kama ngano ya sungura na tembo. Sehemu inayorukwa ni kwamba timu haikuwa na fedha, na katika mwaka ule ule wa ubingwa zaidi ya watu 200 wa Brackley walipoteza kazi. Sisi tuliokuja huku kutafuta riziki tunajua maana ya barua ya kupunguzwa kazini. Kombe halilipi kodi ya nyumba.

Novemba 2009 Mercedes, pamoja na kampuni ya Aabar ya Abu Dhabi, ikanunua asilimia 75.1 ya timu ile. Miaka mitatu ya kwanza ilikuwa ya kawaida tu. Ndiyo maana Septemba 2012, Lewis Hamilton alipotangaza kuiacha McLaren kwenda Mercedes, wengi walimwona amepotea njia. McLaren ilikuwa imetoka kushinda mbio tatu mfululizo. Mercedes ilikuwa imeshinda moja tu tangu irudi na timu yake mwaka 2010.

Lakini sheria za 2014 zilikuwa zimeshapitishwa. Injini za silinda nane zingeondoka, zije za silinda sita, lita 1.6, zenye turbo na kusaidiwa na umeme. Brixworth walikuwa kazini siku nyingi. Mwaka 2014 Mercedes ilishinda mbio 16 kati ya 19, na ikachukua ubingwa wa timu miaka minane mfululizo, hadi 2021. Hamilton alipata mataji sita pale. McLaren aliyoiacha ilishinda mara ya mwisho Brazil mwaka 2012, kisha ikakaa hadi Septemba 2021 ndipo ikashinda tena.

Katikati ya ukame huo McLaren ilirudi kwa Honda, mwaka 2015, ikamchukua na Fernando Alonso. Mashabiki tukaota 1988. Timu ikamaliza ya tisa kati ya kumi, na Alonso akailalamikia injini kwenye redio akiwa Suzuka, nyumbani kwa Honda wenyewe. Wakaachana mwisho wa 2017. Honda ile ile iliyochekwa ndiyo iliyompa Max Verstappen ubingwa akiwa Red Bull mwaka 2021. Muda nao ni sehemu ya injini.

Na injini zikishakaribiana nguvu, gari lenyewe husema. Mwaka 2024 McLaren, mteja wa Mercedes, ilichukua ubingwa wa timu huku Mercedes wenyewe wakiwa wa nne.

Mabadiliko ya 2026 nayo yalifuata njia hiyo hiyo. Sheria mpya, zinazotaka karibu nusu ya nguvu itoke kwenye umeme, zilipitishwa Agosti 2022, na mwezi huo huo Audi ikatangaza kuingia. Mwaka 2023 Ford iliungana na Red Bull, na Honda ikajifunga na Aston Martin, timu ya Alonso yule yule. Cadillac ilikubaliana na Ferrari kuhusu injini Desemba 2024. Madereva wake, Sergio Pérez na Valtteri Bottas, walitangazwa Agosti 2025. Renault yenyewe iliamua Septemba 2024 kuacha kutengeneza injini za langalanga, na timu yake ya Alpine ikageuka mteja wa Mercedes. Wafanyakazi wa kiwanda chao cha Viry-Châtillon, Ufaransa, walikuwa wamepinga hadharani kabla ya uamuzi huo, lakini haikusaidia.

Kwa hiyo wadau, mkisikia tetesi za msimu ujao, ulizeni mambo matatu kabla ya jina la dereva. Injini ya nani? Mkataba wake unakwisha lini? Na kule inakotengenezwa, watu wangapi wanasubiri jibu? Mengine tutabishana tu, ndiyo raha yake.

Mwenye hoja tofauti aimwage hapa, uwanja ni wenu. Alamsiki.